Mtegaji: Neno Lililonipeleka Usevya

Kilichonitoa Makanyagio, mtaa wa Mpanda mjini, hadi Usevya si biashara wala msiba. Ni neno moja. Nimeona niandike tangu mwanzo hadi mwisho kwa ajili yenu wa nyumbani, maana naona kila mtu pale mtaani anaisimulia safari hii kivyake, na wengine wananifanya shujaa, wengine mjinga. Nadhani nilikuwa katikati. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na kazi yangu ni fundi baiskeli, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda mniwie radhi. Nina kaunta buku ninaloandikia mambo yangu. Jambo ninalolijua kwa hakika naliandika kwa kalamu. Jambo nililolisikia tu naliandika kwa penseli, ili ukweli ukija nifute.

Mambo yalianza hivi. Mpwa wangu Festo, mtoto wa dada yangu Anjela, alikwenda kambi ya jeshi kwa kujitolea, akakaa miaka miwili. Aliporudi alikuwa na kifua kipana, na alikuwa na maneno. Chumba chake akakiita hanga, yaani bweni la askari. Mdogo wake akamwita kuruta, yaani askari mgeni asiyejua kitu. Kuosha vyombo kukawa fatiki, maana kambini kazi za sulubu, kufyeka, kuchimba, kubeba maji, ndizo zinaitwa fatiki. Dada yangu akimtuma dukani, Festo anabana visigino na kuitika, "Ndiyo afande!" Dada alikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamsikia mwenyewe anamwambia jirani, "Subiri kidogo mama, nina fatiki ya dagaa."

Maneno yale yalishuka mtaani kama maji. Kwenye kibanda changu wateja wakaanza kuambiana "mguu sawa" wakati wa kupokea baiskeli zao. Mama Shani, anayeuza chapati pembeni yangu, akawa anawaambia watu, "Jihesabuni kwanza, chapati zimebaki sita." Lakini neno lililotupendeza kuliko yote ni mtegaji. Festo alituambia kambini mtegaji ni yule anayekwepa kazi. Wenzake wanalima, yeye anaumwa tumbo. Wenzake wanakimbia mchakamchaka, yeye kapotelea chooni. Anatega. Tukalichukua neno hilo, nikaliandika daftarini kwa penseli, tukalitumia bila huruma. Aliyechelewa kazini, mtegaji. Aliyekataa kuchangia chai, mtegaji. Mimi mwenyewe, nakiri, nilimwita hivyo hata mwenyekiti wetu wa mtaa, ingawa si mbele yake.

Sasa, Festo alikuwa na mchumba Usevya, binti anaitwa Veronika. Mshenga ni mimi. Barua ya posa niliipeleka mwenyewe, ikapokelewa vizuri, tukawa tunasubiri majibu. Mavuno ya mpunga yalipoanza, Festo akaenda kusaidia kwa baba wa binti, Mzee Severini. Ni jambo la heshima, na nilimsindikiza stendi. Pale stendi nikamwambia maneno ambayo sitayasahau: "Ukifika kule usikae kama jiwe. Wachekeshe kwa maneno yenu ya kambini. Lile la mtegaji ndilo tamu kuliko yote."

Jumanne mama wa binti akanipigia simu.

"Mshenga, huyu kijana mmetuletea mtu wa namna gani?"

"Kafanya nini, mama?"

"Kamwita mume wangu mtegaji. Shambani, mbele za watu! Mzee anasema uje uchukue barua yako kabla ya Jumapili. Jumapili ukoo unakaa, na hataki karatasi ya mtu ndani siku hiyo."

Simu ikakatika. Festo alikuwa amesharudi asubuhi ile, kimya, begi mgongoni. Nikamuuliza. Akanieleza kwamba siku ya tatu ya kupiga mpunga, jua kali, Mzee Severini alikwenda kivulini akajilaza, kofia usoni. Festo akataka kuchekesha. Akapaza sauti, "Jamani mnamwona mzee? Mtegaji mkubwa huyu!"

"Wakacheka?" nikamuuliza.

"Mjomba, hata ndege walinyamaza. Mzee akainuka, akavaa shati, akaondoka. Mimi nilimtania tu! Mtegaji si mtu anayekwepa kazi? Hata wewe si unaniitaga hivyo?"

Hapo ndipo nikaelewa, nikakaa chini kwenye boksi la spea. Usevya iko jirani na hifadhi ya wanyama. Kule mtu akisema mtegaji, hakuna anayefikiria uvivu. Mtegaji ni mtu anayeweka nyaya porini kunasa wanyama. Ni mhalifu. Kijana alikuwa amesimama katikati ya shamba la watu akamwita baba mkwe wake mwizi wa wanyama, huku anatabasamu.

Na aliyempa wazo ni mimi. Hilo niliandika kwa kalamu.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Mpanda. Nilikuwa na begi moja. Ndani mlikuwa na mashati mawili, sukari kilo mbili, kitenge cha mama wa binti, na vifaa vyangu vya kazi: spana, pampu, solusheni ya kuzibia, na mzingo wa waya wa breki. Dada aliniuliza waya wa nini kwenye safari ya kuomba radhi. Nikamwambia fundi hatoki bila vifaa. Ni kweli, lakini pia nilikuwa na woga, na mkono ukishika kitu cha kazi woga unapungua.

Tulipanga mstari wa kukata tiketi. Kondakta akawa anapiga kelele, "Wazee, fuateni foleni! Foleni!"

Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja mnene, mchangamfu, mwenye fimbo. Akaniambia, "Hilo neno foleni ni letu."

"Lenu nani?"

"Sisi wa jeshi. Nimepika jeshini miaka yangu yote. Zamani mzungu alikuwa akitaka askari wajipange anapiga kelele, 'Folini!' Maana yake ingieni mstarini. Babu zetu wakadhani mstari wenyewe ndio unaitwa foleni. Leo mpaka mama mjamzito kliniki anakaa foleni, hajui kwamba yuko gwaride."

Nikatoa daftari nikaandika. Kwa penseli. Mzee akachungulia. "Mbona penseli?"

"Sijathibitisha, mzee wangu."

"Unanitilia shaka?"

"Hapana. Nayatilia shaka masikio yangu."

Akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. Jina lake sikulipata vizuri, maana abiria wote walimwita Afande Mpishi, na yeye alilipenda. Alikuwa anakwenda Majimoto kukanda magoti kwenye chemchemi. Tukakaa kiti kimoja. Basi halikujaa, namshukuru Mungu, tukanyoosha miguu.

Saa mbili tulifika Sitalike. Watu wakashuka kununua ndizi na kutazama viboko mtoni. Walikuwa wamelala mmoja juu ya mwenzake kama magunia ya mkaa, hawana habari na mtu. Afande Mpishi akawanyooshea fimbo. "Wale ndio wategaji wa kwanza kuumbwa. Mchana kutwa majini, ikifika jioni wanakwenda kula mpunga wa watu."

Nilipomsikia analitaja neno lile nikamweleza shida yangu yote. Alisikiliza, uso wake ukawa wa mtu mwingine.

"Kwa hiyo unakwenda kumweleza maana ya neno?"

"Ndiyo."

"Usimweleze. Jeshini aliyekosa hajielezi. Ukijieleza unaonekana unamfundisha uliyemkosea. Omba fatiki. Fanya kazi mpaka jasho liseme. Fatiki ikiisha, kosa limeisha, hata aliyekuadhibu anakukaribisha chai."

Niliandika hilo pia kwa penseli, maana kumwomba mtu radhi bila kumweleza chochote niliona kama si haki. Mtu ana haki ya kujua alitukanwa au hakutukanwa.

Mbele kidogo, kwenye kizuizi, mabegi yalikaguliwa. Askari wa wanyama, dada mmoja mwembamba, alifungua langu, akatoa mzingo wa waya. Akaushika juu. Basi zima likaugeukia.

"Mzee, huu wa nini?"

"Wa breki, afande. Za baiskeli."

"Wote huu?"

Kabla sijajibu, Afande Mpishi akasema kutoka kwenye kiti, "Kamanda, mwangalie kucha!"

Yule dada akaniangalia kucha. Mnazijua kucha zangu, grisi ya miaka ishirini haitoki kwa sabuni. Akatabasamu, akanirudishia. "Pita, fundi. Lakini uufunge vizuri. Huku waya ni neno zito."

Aliniambia kwa adabu kabisa, na alikuwa sahihi. Lakini nilipokaa nilihisi mashavu yanawaka. Kwa dakika moja tu watu arobaini walikuwa wamenitazama kama mtegaji. Dakika moja. Kondakta akapaza sauti, "Fungeni madirisha, mbung'o hao!" tukaingia porini, tukawa tunapigana makofi migongoni kuwaua wale nzi, na kila aliyemuua mmoja anatangaza. Afande Mpishi aliua saba. Mimi wawili, na mmoja sina uhakika.

Karibu saa sita mchana basi likanishusha Usevya. Mpishi akanipigia saluti dirishani. Nikatembea kwa miguu kati ya mashamba ya mpunga uliokatwa, harufu ya majani makavu kila mahali, mpaka kwenye nyumba ya Mzee Severini.

Mama wa binti alinipokea vizuri, na hilo nalisema kwa haki, maana alikuwa na sababu ya kunipokea vibaya. Veronika alileta maji ya kunawa. Akainama karibu, akanong'ona, "Mjomba, Festo hajambo?"

"Hajambo. Hali chakula tu."

"Afadhali," akasema. "Na huku baba naye anakula kidogo tu. Basi wawe sawa." Nikaona binti huyu ana akili, na nikazidi kuogopa kumkosa.

Mzee mwenyewe alikuja baada ya muda, juu ya baiskeli. Fundi hawezi kuacha kuangalia baiskeli hata kama anakwenda kunyongwa. Niliona anashuka mteremko wa kuingilia nyumbani, na hakushika breki. Aliteremsha mguu wa kushoto akauburuza chini, vumbi likatimka, akasimama. Katambuga yake ya kushoto, ile ndala ya tairi, ilikuwa imelika kisigino chote. Ya kulia ilikuwa nzima. Nikatazama usukani. Mikono ya breki ipo, waya hakuna.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Umekuja kuchukua barua?"

"Nimekuja kusalimia kwanza."

"Salamu nimepokea. Barua iko ndani." Akaingia kunawa.

Nikamgeukia mama kwa sauti ndogo. "Breki za mzee zilikatika lini?"

"Hazikukatika. Alizitoa mwenyewe, miaka mingi sasa." Akanionyesha uani. "Unaona kamba ya kuanikia nguo? Ya katani. Alisema nyumbani kwake waya hauingii tena."

Sikuelewa, ila baada ya kula mzee alinielewesha mwenyewe. Nilianza kumweleza maana ya neno kule kambini, kinyume na ushauri wa mpishi, na alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hapa ni kambini?"

"Hapana, mzee."

"Hapa ukisema mtegaji, hata mtoto wa darasa la pili anajua ni nani." Akanyoosha kidole kuelekea shambani. "Siku moja, zamani, waya ulikutwa pembeni ya shamba langu, upande wa porini. Nikaitwa. Nikahojiwa. Siwalaumu, walikuwa kazini, na walinihoji kwa adabu. Ikaonekana si wangu, nikarudi nyumbani siku ileile. Lakini neno halikurudi na mimi. Lilibaki barabarani. Nikipita kisimani watu wananyamaza. Mtu akipika nyama, ananitazama mimi. Ilichukua miaka kulizika. Sasa kijana wenu kaja na koleo, kalifukua mbele ya shamba zima. Na anacheka."

Nilitaka kusema Festo ni mtoto. Nilitaka kusema hakujua. Yote mawili ni kweli, ila hayakuwa ukweli wote.

"Mzee, neno lile nililituma mimi."

"Ulilituma vipi?"

"Nilimwambia Festo stendi, nenda ukawachekeshe na hilo neno. Yeye alibeba tu."

Akanitazama. "Wewe? Mtu mzima?"

"Mimi. Mtu mzima."

"Na mshenga juu yake."

"Na mshenga juu yake."

Mama akageuka upande, nadhani alikuwa anaficha kicheko, lakini sina uhakika, naandika kwa penseli. Mzee hakucheka. Akasema, "Kijana wako aliacha mpunga nusu."

Hapo ndipo nikamkumbuka mpishi. "Mzee, nipe fatiki."

"Nikupe nini?"

"Fatiki. Kazi ya adhabu. Kambini aliyekosa anapewa."

"Kumbe nyie wa Mpanda mna jina hata la adhabu," akasema. "Haya. Kesho saa kumi na mbili. Barua tutaizungumza ukimaliza, kama utamaliza."

Alhamisi, saa kumi na mbili kamili, nilikuwa shambani. Majirani kama tisa walikuwepo, walewale waliosikia neno la Festo. Kabla ya kushika fimbo ya kupigia nikaomba kusema. Sikuwa nimepanga maneno. Nikasema: mimi ni mshenga, neno alilosema kijana ni la kambini, maana yake mvivu, na hata hivyo lilikuwa utovu wa adabu, na aliyelituma ni mimi, na mzee huyu hajawahi kutega kitu. Mama mmoja mzee akauliza, "Kwa hiyo alimwita mvivu?"

"Ndiyo, mama."

"Severini mvivu?" Akawageukia wenzake. "Hiyo nayo si kashfa? Huyu anaamka kabla ya kuku!"

Watu wakaguna kwa kukubali. Nikaona nimemtoa mzee kwenye shimo moja nikamtumbukiza kwenye jingine. Nikashika fimbo nikaanza kupiga mpunga.

Jamani, mpunga. Mimi nimezoea kukaa kwenye kigoda na kuzungusha spana. Kufikia saa nne mgongo ulikuwa unaongea lugha yake. Makapi yaliniingia shingoni. Yule mama mzee alikuwa akinipita mafungu mawili kwa moja, na kila akinipita anasema, "Pole, Mpanda." Sikupumzika. Niliogopa kukaa kivulini kuliko nilivyoogopa jua.

Ilipofika saa saba chakula kililetwa. Jasho lilikuwa limeniziba macho, nikavuta begi nitoe kitambaa. Nikakivuta kwa nguvu. Kitambaa kikatoka, na mzingo wa waya nao ukatoka, ukabingirika juu ya turubai la mpunga, ukaanguka taratibu, ukalala mbele ya miguu ya Mzee Severini.

Yule mama mzee alishika tonge hewani. Nilikuwa nimeleta waya kwenye nyumba ya mtu asiyeruhusu hata kamba ya nguo ya waya, mbele ya watu walewale, siku ileile ya kumsafisha.

Mzee aliuokota. Akaugeuza. Akauinua juu, kama yule askari wa kizuizini, watu wote wauone.

"Fundi," akasema. "Huu unatosha breki mbili?"

"Unatosha na kubaki, mzee."

"Utakaobaki utarudi nao Mpanda. Leta baiskeli. Funga hapa hapa, watu waone unaingia wapi."

Sijawahi kufunga breki huku natazamwa na watu tisa wasiopepesa macho. Nilikata waya wa mbele, nikaupitisha, nikakaza nati. Nikakata wa nyuma. Mzee alisimama karibu, na kila kipande nilichokata alikifuata kwa macho mpaka kilipoishia. Nilipomaliza nikampa usukani. Akapanda, akaenda hadi juu ya njia, akageuka, akaja kwa kasi. Karibu na turubai mguu wa kushoto ukateremka wenyewe kwa mazoea. Akaurudisha juu. Akabana breki. Baiskeli ikasimama palepale, vumbi dogo tu, na mzee nusura aruke juu ya usukani.

Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa chini, kivulini, bila kujijua, miguu imenyooka kama ya maiti. Mzee akanitazama. Akajaza kifua pumzi, akapaza sauti ambayo nadhani ilifika barabarani:

"Jamaniii! Nimekamata mtegaji!"

Macho yote yakarukia waya uliobaki. Halafu akaongeza, "Mpunga unamsubiri, yeye kajilaza kivulini!"

Kicheko kilichotoka pale siwezi kukiandika. Yule mama mzee aliketi chini kabisa. Veronika alikimbia nyuma ya mafungu akashika tumbo. Na Mzee Severini, juu ya baiskeli yake, akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Nikainuka nikabana visigino. "Ndiyo afande!" Nikarudi kupiga mpunga, na sikumbuki kama mgongo uliuma.

Ijumaa asubuhi nikaaga. Mama alinipa mchele mpya kwenye kifuko. Mzee alinisindikiza mpaka barabarani, anasukuma baiskeli, na kila hatua chache anabana breki kidogo, kama mtu anayehakikisha meno yake bado yapo. Basi lilipokuja akanipa bahasha imefungwa kwa gundi.

"Usifungue. Mpe dada yako."

Bahasha ilikuwa na unene uleule wa barua yetu. Fatiki nimemaliza, watu wamecheka, lakini je, kama ni barua yetu inarudishwa kwa heshima tu? Mtu anaweza kukusamehe na bado asikupe binti. Ni haki yake. Kutoka Usevya mpaka Mpanda niliishika bahasha ile, nikaigeuza juani nione maandishi, nikaona aibu, nikairudisha mfukoni, nikaitoa tena. Mbung'o waliniuma nisiwapige. Kizuizini alikuwepo yule yule dada. Akafungua begi, akaona waya umepungua, akaniuliza, "Umefunga breki?" Nikamwambia, "Mbili, afande." Akasema, "Safi."

Saa nane nilikuwa Makanyagio. Dada Anjela alikuwa mlangoni, Festo nyuma yake amesimama mguu sawa bila kuamriwa. Dada alifungua bahasha kwa kisu. Ilikuwa na karatasi moja, mwandiko wa mzee mwenyewe, mkubwa na ulionyooka. Akasoma kwa sauti:

"Posa tumeipokea na tumeridhia. Mengine tutazungumza wazee. Festo aripoti hapa Jumatatu, amalizie mpunga alioacha, fatiki yake bado. Mwambieni kwetu hatuoi wala hatuozi mtegaji. Watega nyaya na watega kazi, wote hatuwataki."

Festo alibana visigino, akaipigia saluti karatasi. Dada akalia, akacheka, akamwamuru akalete maji, akamwita kuruta. Sikuwa nimemsikia dada yangu akicheka hivyo tangu shemeji afariki.

Nimejifunza nini? Naogopa kutoa hekima, maana hekima yangu ndiyo iliyoleta tatizo. Ila kwa ufundi wangu naweza kusema hivi: nati ya baiskeli moja unaweza kuilazimisha kwenye baiskeli nyingine, itaingia, utadhani imekaa, kumbe umeua uzi wake wa ndani, haitakaza tena. Maneno ya kambini ni matamu na sitaacha kuyatumia. Lakini neno likitoka mlango mmoja likaingia mwingine, uliza kwanza kama mle ndani hakuna ambaye neno hilo kwake ni kidonda. Kwenye daftari nimefuta penseli ya mtegaji. Nimeandika kwa kalamu maana mbili, moja chini ya nyingine, na jina la mahali mbele ya kila moja. La foleni bado liko kwa penseli.

Jumamosi nilifungua kibanda. Mama Shani alikuwa anageuza chapati. Akapaza sauti mbele ya wateja wote, "Haa, fundi! Siku tatu hatukuoni, na wewe umekuwa mtegaji?"

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, kama mtu anayevuka barabara. Ndipo nikamjibu.

"Wa wapi, mama? Wa Mpanda au wa Usevya?"